Kanisa Kuu na Msonge: Mabadiliko ya Umbo la Nyumba ya Ibada katika Zama Zetu

Utangulizi

Katika mijadala yetu juu ya utamaduni wa taifa tumezoea kuzungumzia ngoma, mashairi, hadithi, vinyago na mavazi. Majengo tumewaachia wahandisi. Jambo hili si la haki, kwa kuwa hakuna kazi ya sanaa itazamwayo na watu wengi kama jengo. Shairi humfikia ajuaye kusoma au aliyebahatika kulisikia likighaniwa. Ngoma huchezwa ikaisha. Lakini nyumba kubwa iliyosimama katikati ya mji hutazamwa na kila apitaye, awe amealikwa au hakualikwa, nayo huendelea kusema maneno yake hata baada ya walioijenga kuiaga dunia.

Sisi tuandikao haya tuko Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, katika nchi tambarare ambamo jengo refu huonekana toka mbali sana. Tumechagua kulichunguza kanisa kuu, yaani kanisa la askofu, kwa sababu ni jengo ambalo katika muda wa miaka 150 hivi limebadilika mbele ya macho ya watu wa Afrika Mashariki, kutoka mawe ya pwani hadi zege na chuma. Hatukusudii kuzungumzia imani. Muumini na asiye muumini, Mkristo na Mwislamu, wote wana haki ya kuuliza jengo lililomo katika mji wao limejengwaje na linasema nini.

Hoja yetu ni hii. Wengi husema kwamba kanisa kuu la kisasa limetofautiana na la zamani kwa kuwa saruji imechukua nafasi ya mawe. Hayo ni kweli, lakini ni mabadiliko ya ngozi tu. Badiliko kubwa limo katika mahali alipowekwa mtu. Nyumba ndefu, ambayo watu waliketi nyuma ya watu wakimtazama kuhani kwa mbali, imegeuka kuwa nyumba ambayo watu huizunguka meza. Umbo hilo, ambalo Ulaya ililifikia katika karne ya 20 kwa ubishi mwingi na gharama kubwa, lilikuwa tayari ni umbo la msonge, nyumba ya babu zetu. Nasi tulianza kuliacha karibu wakati uleule ambao wengine walikuwa wakilitafuta.

Maana ya Kanisa Kuu

Baadhi ya watu hudhani kwamba kanisa huitwa kuu kutokana na ukubwa wake. Sivyo. Kinacholifanya kanisa liwe kuu ni kiti. Askofu akabidhiwapo jimbo huketi katika kiti chake, na kanisa lenye kiti hicho ndilo kanisa kuu, hata likiwa dogo kuliko kanisa la parokia ya jirani. Jina la jengo hili katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiti.

Kwa Msukuma jambo hili halina ugeni. Mtemi naye alikuwa na kiti chake, na makao yake yaliitwa ikulu, neno ambalo lugha ya taifa imelichukua kutoka huku bara na kuipa nyumba ya Rais. Kwa hiyo fikra ya nyumba inayopata heshima yake kutokana na kiti kilichomo haikuletwa kwetu na meli. Kilicholetwa ni umbo la nyumba yenyewe.

Heshima hiyo si ya maneno matupu. Mwezi wa Februari 2023 mtu mmoja aliingia usiku katika kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Geita na kuvunja vitu vitakatifu. Askofu alilifunga kanisa hilo kwa siku kadhaa, nalo halikufunguliwa hadi mwezi wa Machi, baada ya ibada ya kulitakasa. Kuta zilikuwa zimesimama na paa lilikuwa juu, lakini waumini walijiona kama watu waliofiwa. Msomaji atakayelikumbuka tukio hilo ataelewa kwamba jengo la namna hii hubeba mzigo mzito kuliko uzito wa matofali yake.

Maswali Matatu

Ili tusipotee katika kusifu na kulaumu bila kipimo, tunapendekeza maswali matatu ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuliuliza kanisa kuu lolote.

Swali la kwanza: mtu amewekwa wapi? Yaani waumini huketi au husimama upande gani wa meza, je, wanaonana, na je, aliye nyuma kabisa anasikia?

Swali la pili: paa limebebwa na nini, na fundi gani amelibeba? Ukuta wowote unaweza kusimama. Mtihani wa jengo kubwa ni paa.

Swali la tatu: pambo limetoka ndani ya umbo, au limebandikwa juu yake?

Maswali haya hayahitaji chuo cha uhandisi. Ni ndugu wa yale tunayoliuliza shairi: nani anasemeshwa, mizani imebebwa na nini, na je, tamathali imeota katika maana au imepachikwa ili kupendeza?

Mawe ya Pwani

Tuanze Unguja, Mkunazini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash bin Said, na mwaka huohuo ujenzi wa Kanisa Kuu la Kristo ukaanza mahali hapohapo chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Ujenzi ulichukua takriban miaka 7. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare.

Kwa nje kanisa hili lina mengi ya Uingereza: nyumba ndefu, mnara, madirisha yaliyochongoka. Lakini paa lake linastahili kuangaliwa kwa makini. Badala ya kuagiza boriti ndefu toka ng'ambo, Steere aliezeka kwa kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, mfano wa pipa lililokatwa katikati. Walikuwapo waliosema kwamba litaanguka. Halikuanguka. Kazi ya matumbawe na chokaa ilikuwa ni ya pwani yenyewe: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ujenzi wake ulianza katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, uliezekwa kwa kuba za matumbawe karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza wa Kiingereza kufika Unguja. Husimuliwa pia kwamba baadhi ya nguzo ndogo za kanisa hili zilisimamishwa na mafundi miguu juu, kichwa chini, Steere akiwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Kama kisa ni kweli au ni cha kunogesha, kinatufundisha jambo moja: jengo hilo lilikuwa ni mazungumzo baina ya mwenye ramani na wenye mikono.

Kwa swali la pili, basi, kanisa la Mkunazini linapata alama ya juu. Kwa swali la kwanza linabaki kuwa jengo la wakati wake: watu katika safu, uso kwa kisogo. Kwa swali la tatu linatupa jambo la kufikiri, maana pambo lake kuu si la kuchongwa. Altare husemekana kuwekwa mahali uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Mahali penyewe ndipo pambo, na pambo la namna hiyo haliwezi kuagizwa dukani.

Sasa tuvuke tufike Dar es Salaam. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari Wabenediktini Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Hapa mtindo wa Kigothi, ule wa matao yaliyochongoka na mnara unaotafuta mbingu, umefuatwa kwa uaminifu zaidi, na vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare vilitoka Ujerumani. Ni jengo zuri. Asiyekiri uzuri wake hana macho. Lakini tukiliuliza maswali yetu, tunaona kwamba lingeweza kusimama kando ya mto fulani wa Ulaya bila kubadilisha kitu. Mtindo wa Kigothi ulizaliwa katika nchi yenye mawingu, ambako mjenzi alitafuta kila njia ya kuingiza mwanga. Matao yale na mihimili ya nje ilibuniwa ili ukuta upunguzwe na dirisha likuzwe. Huku kwetu mwanga si haba. Tunachokitafuta ni kivuli na upepo.

Bara napo palikuwa na somo lake juu ya paa. Katika kilima cha Namirembe, Kampala, makanisa ya kwanza yalijengwa kwa miti, matete na nyasi kwa ufundi wa Baganda wenyewe. Lile la mwaka 1892 liliangushwa na upepo mwaka 1894. Lile la matofali lililokamilika mwaka 1904, likiwa na paa la nyasi, lilipigwa radi na kuungua mwaka 1910. Ndipo likajengwa la sasa, ambalo lilikamilika mwaka 1919 kwa ramani ya Mwingereza Temple Moore. Tusiwacheke waliotangulia. Walikuwa wakitafuta jibu la swali gumu: namna ya kuifanya nyumba ya nyasi iwe kubwa kiasi cha kuhifadhi maelfu ya watu bila kuanguka wala kuungua. Jibu lililopatikana wakati ule lilikuwa kuiacha nyumba ya nyasi na kuchukua umbo la Kiingereza zima.

Zama za Zege

Huko Ulaya nako umbo la zamani lilikuwa likitikisika. Zege lenye nondo ndani yake lina tabia ambayo jiwe halina: jiwe hupenda kubanwa na huchukia kuvutwa, ndiyo maana matao yalihitajika, zege lenye nondo huvumilia yote mawili. Mwaka 1923 Mfaransa Auguste Perret alikamilisha kanisa la Le Raincy karibu na Paris, kanisa ambalo nguzo zake ni nyembamba kama fimbo na kuta zake ni karibu vioo vitupu. Tangu hapo mjenzi hakulazimika tena kufuata umbo la zamani. Angeweza kuchagua.

Vita vikaongeza sababu. Kanisa kuu la Coventry, Uingereza, liliteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Basil Spence alipopewa kazi ya kujenga jipya, lililowekwa wakfu mwaka 1962, hakuyafukia magofu. Aliliweka kanisa jipya ubavuni mwa lile lililoungua ili mtu apite katika msiba kabla ya kuingia katika sala. Huyo na Steere wa Mkunazini wangeelewana.

Lakini badiliko la ndani lilitoka Roma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulitoa hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo ilitaka watu washiriki ibada kwa ukamilifu, ikafungua mlango kwa lugha za watu, na ikatamka kwamba Kanisa halijawahi kuufanya mtindo wowote mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Altare ikasogezwa kutoka ukutani, na padri akageuka akawaelekea watu. Badiliko hilo moja lilitosha kuifanya nyumba ndefu ionekane kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kanisa kuu la Katoliki la Liverpool, lililochorwa na Frederick Gibberd na kuwekwa wakfu mwaka 1967, ni la duara, na altare imo katikati. Kanisa kuu la Brasília, kazi ya Oscar Niemeyer iliyokamilika mwaka 1970, ni la duara vilevile: nguzo 16 za zege zilizopinda hupanda kama mikono iliyoinuliwa, na mtu huingia kwa kushuka katika njia ya giza kabla ya kutokea katika mwanga. Tusiyasifu bila kuchagua. Kanisa la Liverpool lilisumbuliwa na paa lenye kuvuja, na wenye jengo wakamshtaki mchoraji. Usasa haumwondolei mjenzi wajibu wa kuzuia mvua.

Jirani zetu wa Nairobi wanaweza kuyaona mabadiliko haya kwa kutembea kwa miguu. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 kwa ramani ya yuleyule Temple Moore, ni la mawe na la Kigothi. Kanisa la Familia Takatifu la Wakatoliki, lililokamilika mwaka 1963 kwa ramani ya Bi. Dorothy Hughes, ni la zege, lenye mistari iliyonyooka na pambo haba. Makanisa hayo mawili yamo katika mji mmoja, na baina ya ramani zao haukupita hata muda wa maisha ya mzee mmoja.

Bujora: Jibu Lililozaliwa Nyumbani

Sasa turudi Usukumani. Kabla ya Liverpool na kabla ya Brasília, katika miaka ya 1950, huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na Wasukuma waliomshauri na kumfundisha, walijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Altare ilipewa umbo la kiti cha utemi. Tabernakulo ilifanywa kama nyumba ya mtemi, ikiwa na ngao na mikuki mlangoni, kuonyesha kwamba mwenye nyumba yumo. Pembeni mwa kanisa hilo ndipo palipokua makumbusho ya Wasukuma yanayojulikana nchini kote.

Kanisa la Bujora si kanisa kuu. Ni la parokia. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba hakuna kanisa kuu katika ukanda wetu lililojibu maswali yetu matatu kwa uwazi kama kanisa hilo dogo. Mtu amewekwa katika duara, kama alivyokaa kuuzunguka moto wa shikome akisikiliza wazee. Ngao na mikuki havikutundikwa ili mgeni apige picha. Vipo mlangoni kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mlangoni, navyo vinaeleza jambo ambalo lugha ya mafundisho ingehitaji kurasa kulieleza. Na kiti, ambacho tulisema ndicho roho ya kila kanisa kuu, hapa kimekuwa meza yenyewe.

Tena, Bujora inatukumbusha kwamba nyumba ya Kisukuma haikuishia ukutani. Uwanja ulikuwa sehemu ya nyumba. Sikukuu ya Bulabo, ambayo hufanyika Bujora mwezi wa Juni, huanza kwa ibada na maandamano ya Ekaristi, kisha huendelea kwa mashindano ya ngoma za Wagika na Wagalu uwanjani. Kanisa lenye kuta nne na ua wa kuegesha magari haliwezi kufanya kazi hiyo. Lenye uwanja linaweza.

Namugongo: Nyumba au Picha ya Nyumba?

Je, umbo hilo laweza kukuzwa likafaa kwa maelfu? Hilo ndilo swali lililowashinda wajenzi wa Namirembe, nalo lilijaribiwa upya Namugongo, Uganda. Mahali hapo, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga alichomwa moto kwa ajili ya imani yake. Papa Paulo VI alipatembelea mwaka 1969, akiwa katika safari ambayo aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena inawapasa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Kanisa la Mashahidi, lililochorwa na Mswisi Justus Dahinden, liliwekwa wakfu tarehe 3 Juni 1975. Ni la duara, limeinuka kama msonge mkubwa, na limebebwa na nguzo 22 za chuma, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare imo mahali alipofia Lwanga.

Nalo si kanisa kuu, lakini ni vigumu kuzungumzia jengo lolote la ibada katika Afrika Mashariki bila kulitaja. Wengi wamelisifu, wachache wamelilaumu kwamba ni kibanda cha chuma, yaani msonge kama uonavyo macho ya mgeni. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zina haki kidogo. Kwa swali la kwanza linashinda: watu wameizunguka altare, na altare ipo pale damu ilipomwagika. Kwa swali la tatu pia linashinda, maana hesabu ya nguzo zake ndiyo hesabu ya hadithi yake. Kwa swali la pili linatuacha na shaka. Msonge wa kweli uliezekwa na jirani kwa nyasi za jirani, na ukiharibika ulitengenezwa na mikono ileile. Chuma cha Namugongo kinahitaji mtaalamu. Umbo limerudi nyumbani, lakini ufundi umebaki safarini.

Ngeli za Jengo

Hapa tunajua kwamba mzee mmoja atatuuliza: "Je, mnataka turudi kwenye nyasi? Sisi tulitoka kwenye msonge kwa jasho." Swali lake ni la haki, nalo lina historia. Fedha za pamba ndizo zilizoleta bati Usukumani, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikapanga nyumba za pembe nne katika mistari. Miti nayo ilikuwa imekwisha: misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kupambana na mbung'o na kufungua mashamba, hata mpango wa HASHI ukaanzishwa mwaka 1986 ili kuirudisha nchi katika uoto wake. Nguzo na fito zitoke wapi? Kwa mtu aliyeona paa lake la nyasi likivuja miaka 30, bati na pembe nne ni alama ya heshima, na kanisa refu la tofali ni heshima ya mji mzima.

Tunamjibu mzee wetu kwa mfano wa lugha. Kiswahili kimekopa bila haya. Neno kanisa limetoka Kiarabu. Askofu limepitia Kiarabu kutoka Kigiriki. Padri ni la Kireno. Altare ni la Kilatini. Hakuna leo ayaonaye kuwa maneno ya kigeni. Kwa nini? Kwa sababu yalikubali kutii sarufi yetu. Tunasema kanisa hili, makanisa haya, kanisani humu. Neno la mkopo huwa letu siku linapoingia katika ngeli.

Jengo nalo lina ngeli zake: jua, upepo, mvua, namna watu wanavyokaa, wanavyoimba na wanavyocheza, na mikono ya mafundi waliopo. Tao lililochongoka likizitii ngeli hizo litakuwa letu, kama kuba la Mkunazini lilivyokuwa letu. Duara lisilozitii litabaki kuwa geni, hata likipakwa rangi za Kisukuma toka chini hadi juu. Hivyo hatusemi kwamba kila kanisa kuu liwe msonge. Watunzi wenzetu watakumbuka ubishi wa miaka ya 1970 baina ya wenye kushika vina na mizani na wenye kuviacha, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Ubishi ule ulizaa matunda pale tu ulipoacha kuuliza "umbo gani?" ukauliza "umbo linafanya kazi gani?" Kwa wajenzi nako ni vivyo hivyo.

Ukanda Wetu Leo

Jimbo Katoliki la Shinyanga lilianza mwaka 1950 kwa jina la Maswa, na likapata jina la sasa mwaka 1956, askofu wake wa kwanza akiwa Edward McGurkin, Mmarekani wa Shirika la Maryknoll. Kanisa lake kuu, la Mama Mwenye Huruma, lipo Ngokolo. Geita ilipata jimbo lake mwaka 1984. Madhehebu mengine ya Kikristo yana majimbo na dayosisi zao katika ukanda huuhuu. Miji imekua, dhahabu imevuta watu, na karibu kila mwaka kamati fulani ya ujenzi hukaa kupanga kanisa kubwa zaidi.

Katika kamati kama hizo ndimo hatari ilimo. Mara nyingi mchoro huchaguliwa kwa kutazama picha ya jengo la mbali. Hufuata vioo vikubwa visivyofunguka, katika nchi ambayo jua lake la Oktoba humfanya mtu atafute mwembe. Hufuata vigae vinavyoteleza, na dari ya plastiki inayofuata mtindo wa kumbi za harusi. Bati huachwa tupu bila kizuizi cha sauti, hata mvua ikinyesha mahubiri husimama. Kisha hununuliwa vipaza sauti ili kutibu ugonjwa wa sauti uliosababishwa na ramani, na mapangaboi ili kutibu joto lililoletwa na vioo. Gharama zote hizo hulipwa na mkulima wa pamba, mama wa genge na kijana wa machimbo, kwa ahadi na michango ya kila wiki. Watu hawa wana haki ya kupata nyumba itakayowapoza, itakayowasikilizisha, na itakayowaonyesha nyuso za wenzao.

Wala dawa haiko mbali. Baraza pana upande wa jua la jioni. Matundu ya hewa chini na juu ili joto lipande litoke. Tofali la kuchoma lililotengenezwa vizuri na mafundi wa hapahapa. Safu zilizopinda kuizunguka altare au mimbari hata ndani ya kuta za pembe nne. Nafasi ya kutosha mbele kwa kwaya ambayo haisimami tu bali hucheza. Na uwanja wenye miti, uwe sehemu ya kanisa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za ng'ambo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kanisa kuu limesafiri kutoka nyumba ndefu ya mawe hadi duara la zege na chuma, na kwamba nguvu zilizolisukuma zilikuwa mbili: vifaa vipya vilivyompa mjenzi uhuru, na fikra mpya iliyomrudisha mtu karibu na meza. Tumeona pia kwamba Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mafundi wa matumbawe wa Unguja, wajenzi wa nyasi wa Namirembe na Wasukuma wa Bujora kila mmoja aliweka neno lake.

Tunawaomba walimu wafanye jambo moja. Wawapeleke wanafunzi katika kanisa kubwa au msikiti mkubwa wa mji wao, kwa ruhusa ya wenyewe na kwa adabu, saa isiyo ya ibada. Wakae kimya dakika 10. Mmoja asimame mbele aseme kwa sauti ya kawaida, mwingine akae nyuma kabisa aseme kama amesikia. Waguse ukuta saa nane mchana. Watazame juu na kuuliza nani aliyelibeba paa lile. Kisha wayaandike majibu ya maswali matatu kwa Kiswahili chao wenyewe. Baadhi ya vijana hao, baada ya miaka 20, watakuwa wajumbe wa kamati za ujenzi, na itakuwa vyema siku hiyo wakifika kikaoni wakiwa tayari wamejifunza kuuliza.